Chai au Kahawa: Ipi Inakata Usingizi Zaidi?

Hebu tuanze na swali. Kesho asubuhi una pepa ya Hesabu. Sasa ni saa tatu usiku, macho yameshakuwa mazito na maandishi ya daftari unayaona mawili mawili. Utakunywa nini, chai au kahawa?

Tukiuliza swali hili mashuleni, wengi wanajibu bila hata kufikiri: "Kahawa! Chai ni ya kuteremshia mkate tu." Halafu anasimama mmoja kutoka nyuma kabisa, mara nyingi yule anayependa kusoma kila karatasi anayoiokota, anasema kwamba majani ya chai yana kafeini nyingi kuliko kahawa. Hapo ndipo kelele zinapoanza, mpaka mwalimu wa darasa la jirani anakuja kuchungulia dirishani.

Usishangae, rafiki, wote wawili wamesema kweli. Ugomvi wao ni kwamba mmoja anazungumzia majani yakiwa makavu ndani ya pakiti, na mwenzake anazungumzia kikombe kilichopo mezani. Na ukitaka kujua usiku wako utakuwaje, na pepa yako itakuwaje, inabidi uzijue hesabu zote mbili.

KAFEINI NI KITU GANI HASA?

Kafeini ni kemikali inayotengenezwa na mimea yenyewe. Mkahawa unaitengeneza, mchai unaitengeneza, na hata kakao inayo kidogo. Mimea haikufanya hivyo kwa ajili ya watahiniwa wa kidato cha nne! Inajilinda. Kwa wadudu wengi wanaotafuna majani, kafeini ni sumu. Ndiyo maana majani machanga na laini, yale ambayo mdudu angeyapenda, yana kafeini nyingi kuliko majani yaliyokomaa. Sasa kumbuka wachumaji wa chai wa Mufindi, Rungwe au Kericho wanachuma nini: majani mawili na chipukizi la juu. Yaani wanachukua ile sehemu ya mmea yenye kafeini nyingi.

Mkemia wa Kijerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, ndiye aliyeitenga kafeini kutoka kwenye kahawa kwa mara ya kwanza, mwaka 1819. Mwaka 1827 ilipatikana kwenye chai, ikadhaniwa ni kitu kingine kipya, ikapewa jina la teini. Mwaka 1838 ikathibitishwa kwamba teini na kafeini ni kitu kimoja. Kwa hiyo mtu akikuambia eti kafeini ya chai ni laini na ya kahawa ndiyo kali, mjibu kwa upole kwamba kesi hiyo ilishakwisha siku nyingi.

Sasa inafanyaje kazi? Tangu ulipoamka asubuhi, ubongo wako umekuwa ukikusanya kemikali nyingine inayoitwa adenosini. Kadiri saa zinavyokwenda ndivyo inavyoongezeka. Adenosini ikikaa kwenye nafasi zake ndani ya ubongo, wewe unaanza kusinzia.

Fikiria daladala ya jioni. Adenosini imepanga foleni mlangoni, inataka kukaa. Kafeini inapitia dirishani na kuwahi siti zote! Adenosini inabaki imesimama. Lakini angalia: haijashuka. Imo ndani ya gari, na kila kituo wanapanda wengine. Kafeini itakapoteremka, umati wote uliosimama utakaa kwa mpigo mmoja. Ndipo unapojikuta umelalia daftari na mate yanakutoka.

Maana yake ni kwamba kafeini haikuongezei nguvu, inauficha uchovu. Ile nguvu unayoisikia baada ya chai yenye vijiko vinne vya sukari inatokana na sukari, na hiyo ina matatizo yake mwenyewe.

GRAMU KWA GRAMU

Chukua majani makavu ya chai gramu 100. Ndani yake utakuta kafeini kati ya gramu 2 na 4. Tuseme 3. Kahawa aina ya arabika, ile inayolimwa Kilimanjaro, Mbozi na Mbinga, katika gramu 100 ina kafeini gramu 1.2 hivi. Robusta, ambayo ndiyo kahawa kubwa ya Kagera, inakaribia mara mbili ya arabika, yaani gramu 2.2 hivi. Kwa uzito, basi, chai inaipiga arabika bao la wazi, na mara nyingi inaipita hata robusta. Yule mwanafunzi wa nyuma yuko sahihi.

Lakini nani anayatafuna majani ya chai? (Kahawa ndiyo yenye kutafunwa. Wahaya wana desturi ya zamani ya kumkaribisha mgeni kwa buni za robusta zilizochemshwa na kukaushwa. Ukizitafuna, kafeini unaimeza.) Chai sisi tunakunywa maji yake, na kikombe kimoja kinatumia majani gramu 2 tu, sawa na kile kipakiti chenye uzi. Kahawa ya kuchuja kikombe kimoja inakula unga gramu 10 hivi.

Piga hesabu. Chai gramu 2 zina kafeini miligramu 60. Arabika gramu 10 zina miligramu 120. Robusta gramu 10 zina miligramu 220. Umeona mchezo ulivyogeuka? Na siyo kafeini yote inayotoka, kiasi kinabaki kwenye majani au kwenye machicha. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitoa ripoti kubwa kuhusu kafeini. Ilihesabu kikombe cha chai cha mililita 220 kuwa na miligramu 50 hivi, na kahawa ya kuchuja mililita 200 kuwa na miligramu 90 hivi. Kwa kipimo kilekile cha maji, kahawa ni karibu mara mbili ya chai.

Mngeishia hapo, waliosema kahawa wangeshangilia. Tatizo ni kwamba Wazungu wanapima kwa kikombe kimoja cha mezani, na sisi hatunywi hivyo.

KIKOMBE KIPI?

Nenda kwenye kijiwe chochote cha kahawa, Kariakoo, Tanga au Zanzibar. Dele liko juu ya mkaa, wazee wako kwenye bao, na kahawa chungu inakuja kwenye kikombe kidogo ambacho hakizidi sana mililita 60. Kahawa hiyo ikiwa na ukali wa ile ya Ulaya, kikombe kina miligramu 27. Mara nyingi imekolea zaidi ya hapo, kwa hiyo tuseme inafika 50.

Sasa njoo bwenini. Kopo la plastiki la mwanafunzi ni mililita 300, na wengine tunawajua, wana makopo ya nusu lita. Chai ya ukali wa kawaida kwenye kopo la mililita 300 inatoa karibu miligramu 70. Nusu lita inapita 110. Maana yake yule "mtoto wa chai" mwenye kopo lake kubwa amemfikia, au amempita, mzee wa kijiweni aliyekunywa vikombe viwili vya kahawa chungu huku akiamini yeye ndiye mwanaume.

Kweli, inategemea majani yaliyotiwa. Chai ya shule nyingi, wenyewe mnajua, ni maji yaliyosalimiana na majani kwa mbali. Hiyo haiwezi kufika huko. Lakini ile unayojipikia mwenyewe kwa hita ukiwa unapiga msuli, vijiko viwili vya majani kwenye sufuria moja, hiyo inafika na kupita.

Na usipime kwa rangi. Kafeini haina rangi. Kwenye chai, sehemu kubwa ya kafeini inatoka ndani ya dakika chache za mwanzo, hasa kwa majani yetu ambayo kiwandani yamekatwa na kusagwa vidogovidogo. Ukiendelea kuchemsha mpaka chai iwe kama maji ya mto wa masika, unachoongeza zaidi ni rangi na ukakasi. Maziwa nayo hayaui kafeini, yanachukua nafasi ya maji tu. Hata uchungu unadanganya: kahawa iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi tii haina kafeini zaidi ya ile iliyokaangwa kidogo, kwa sababu uchungu mwingi wa kahawa unatokana na vitu vingine.

Vipi kuhusu "chai" ya mchaichai, ya tangawizi au ya rosela? Hiyo tunaiita chai kwa mazoea. Kama hukutia majani ya chai, kafeini hakuna. Chai ya kijani inayo, maana inatoka kwenye mmea uleule.

ACHENI KULAMBA!

Hapa ndipo sisi waelimishaji tunapopata wasiwasi wa kweli. Kila msimu wa mitihani tunasikia hadithi ileile: mtu hana maji ya moto, au hana muda, basi anafungua pakiti ya kahawa ya unga, ile ya kuyeyuka, analamba kijiko baada ya kijiko kama vile ni maziwa ya unga.

Kahawa ya kuyeyuka ni kahawa iliyokwisha kupikwa kiwandani na kukaushwa, na nyingi inatengenezwa kwa robusta. Kijiko kimoja cha chai, gramu 2 hivi, kina kafeini inayokaribia miligramu 60, na inaweza kuzidi. Ukilamba vijiko vinne umemeza miligramu 240 ndani ya dakika mbili, bila hata maji ya kukupunguza kasi. Ile ripoti ya Ulaya inasema mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 200 kwa mara moja, wala 400 kwa siku nzima. Kwa ambao hamjafikisha utu uzima kipimo kinakwenda kwa uzito: miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili. Una kilo 50? Kipimo chako ni 150. Vijiko viwili na nusu vya kahawa hiyo na umekimaliza, kabla hujahesabu chai ya jioni.

Kitakachotokea ukizidisha unaweza kukijua mwenyewe. Moyo unadunda mpaka unausikia masikioni, mikono inatetemeka, tumbo linachafuka, unakwenda kukojoa kila mara, na hofu inakujia bila sababu. Mtu wa namna hiyo anakaa na kitabu saa nne na hasomi chochote, maana akili haitulii kwenye mstari mmoja. Akikaa kwenye chumba cha mtihani, ile hofu anadhani ni ugumu wa maswali. Na kama una matatizo ya moyo au una kifafa, zungumza na mganga kabla ya kuchezea kafeini nyingi.

SAA ZA KAFEINI

Ukishameza, kafeini inafika kileleni kwenye damu baada ya nusu saa hadi saa moja hivi. Kutoka sasa. Kwa mtu mzima wa kawaida, mwili unachukua saa 5 hivi kupunguza nusu ya kafeini iliyomo. Wengine ni wepesi, wengine wazito, ndiyo maana kaka yako anakunywa kahawa usiku na kulala fofofo wakati wewe unahesabu mabati.

Turudi kwenye usiku wa pepa. Saa tatu usiku umekunywa chai na kahawa, jumla miligramu 100. Saa nane usiku bado una 50. Saa moja asubuhi, unapovaa sare, bado una 25. Kwa hiyo ile saa nane uliyosema "sasa nalala", ulipanda kitandani ukiwa na kama kikombe cha chai mwilini. Utasinzia, ndiyo, kwa sababu umechoka sana, lakini usingizi unakuwa mwepesi na wa vipande. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 ambao watu walipewa miligramu 400 saa 6 kabla ya kulala. Saa 6 nzima! Bado walipoteza zaidi ya saa moja ya usingizi.

Na huo usingizi ndio unaouhitaji. Ubongo unapanga na kuhifadhi yale uliyosoma wakati umelala. Ukisoma usiku kucha bila kulala ni kama kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka: unachota kwa bidii, asubuhi ndoo iko tupu. Kijana wa miaka 14 hadi 17 anashauriwa kulala saa 8 hadi 10. Najua, najua, bwenini nani analala saa 10! Lakini kutoka saa 10 mpaka saa 2 na miguu kwenye beseni la maji baridi, kuna kituo cha katikati.

Mimi ningekushauri hivi. Soma mpaka saa nne usiku bila kafeini, lala, amka saa kumi alfajiri. Umepata saa 6. Hapo sasa kunywa chai yako, kopo moja, na usome ukiwa na akili mpya. Kafeini itakuwa kileleni wakati wenzako waliokesha wanaanza kuanguka. Siku za kawaida, kama unalala saa nne, chai au kahawa ya mwisho iwe kabla ya saa kumi jioni. Na kama ni lazima uchelewe kulala, vikombe vidogo vidogo mapema jioni ni bora kuliko mkupuo mmoja wa usiku wa manane.

KAFEINI INAYOJIFICHA

Hesabu yako ya siku haiishii kwenye chai na kahawa. Soda ya kola ya mililita 300 ina miligramu 30 hivi. Kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu la mililita 250 kwa kawaida lina 80, sawa na kahawa ya kuchuja karibu kikombe kizima. Soma lebo, maana makopo ya nusu lita nayo yapo na ni mara mbili.

Kuna moja inayowashangaza wengi: baadhi ya dawa za maumivu. Panadol ya kawaida haina kafeini, lakini Panadol Extra ina miligramu 65 katika kila kidonge. Ukimeza viwili, ni 130. Sasa mchukue msichana wa kilo 45, kipimo chake ni 135. Asubuhi amekunywa kopo la chai, 70. Mchana soda, 30. Jioni kichwa kinamuuma, vidonge viwili, 130. Amefika 230, na ukimuuliza atakuambia, "Mimi kahawa sinywi kabisa." Usiku hapati usingizi, na asubuhi kichwa kinamuuma tena.

DADA, HILI NI LAKO

Kaka nawe soma, una dada na una mpenzi.

Vidonge vya majira vinafanya kazi yake vizuri, ila vinafanya mwili uchelewe kuiondoa kafeini, takriban mara mbili ya muda wa kawaida. Kwa hiyo kama ulianza vidonge na sasa kikombe kilekile cha jioni kinakukosesha usingizi, hujarogwa. Usiache vidonge! Punguza kikombe, au kisogeze asubuhi.

Kwenye ujauzito mwili unazidi kuchelewa, na katika miezi ya mwisho ile nusu inaweza kuchukua saa 15 kuondoka. Kafeini inapita na kumfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilishauri mjamzito anayepitisha miligramu 300 kwa siku apunguze, ili kupunguza hatari ya mimba kutoka na ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Kwa chai ya kawaida hiyo ni kama makopo manne ya mililita 300. Kwenye maziwa ya mama nako inapita kidogo, na mtoto mchanga anachukua siku kadhaa kuiondoa. Mtoto anayekesha analia, wakati mwingine anza kwa kuhesabu vikombe vya mama.

Halafu kuna jambo ambalo si la kafeini kabisa, lakini ni kubwa kuliko kafeini kwa wasichana wengi: upungufu wa damu. Ule ukakasi wa chai unashikana na madini ya chuma kutoka kwenye chakula, hasa chuma cha maharage, mchicha na nafaka, ukayazuia yasiingie mwilini. Watafiti waliowapa watu mlo pamoja na kikombe cha chai mwaka 1983 walikuta chuma kilichoingia mwilini kimepungua kwa asilimia 64. Kwa kahawa kilipungua kwa asilimia 39. Umeona? Kwenye kukosesha usingizi kahawa ndiyo bingwa, kwenye kukosesha damu chai ndiyo bingwa. Kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya kula haikuzuia kitu.

Msichana anapoteza damu kila mwezi. Akila wali maharage huku anateremshia na chai ya rangi, maharage yale mazuri yanapita tu. Kwenye chakula kunywa maji, kula chungwa au embe kwa sababu vitamini C inasaidia chuma kuingia, na chai isubiri saa moja au mbili.

KAFEINI NA POMBE

Hili fupi lakini sikilizeni. Siku hizi kwenye sherehe watu wanachanganya pombe kali na vile vinywaji vya makopo. Kafeini haiondoi pombe kwenye damu. Inaondoa usingizi tu, kwa hiyo unabaki mlevi uleule, ila mlevi aliye macho anayejiona mzima. Huyo ndiye anayewasha bodaboda. Huyo ndiye anayesema "tutatumia kondomu siku nyingine". Mwaka 2010 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliziandikia kampuni nne barua za onyo kwa kutengeneza pombe iliyotiwa kafeini. Wewe unayejichanganyia mwenyewe kwenye glasi hakuna atakayekuandikia barua.

UKITAKA KUPUNGUZA

Ukizoea kafeini, ubongo unajibu kwa kuongeza zile siti za adenosini. Ndiyo maana kikombe kimoja cha mwaka jana leo hakitoshi. Na ndiyo maana ukiacha ghafla kichwa kinauma. Waulize watu wa mwambao kuhusu siku za mwanzo za Ramadhani: aliyezoea kahawa ya asubuhi na ya alasiri, kufikia mchana wa siku ya kwanza kichwa kinamgonga. Wengi wanasema ni njaa. Njaa ipo, lakini na kahawa iliyokosekana ipo. Kichwa hicho kinaanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, kinakuwa kikali siku ya kwanza na ya pili, na kwa kawaida kinakwisha ndani ya siku 9.

Dawa yake ni kutoacha kwa mkupuo. Kama unakunywa makopo manne ya chai kwa siku, toa nusu kopo kila baada ya siku mbili au tatu, ukianza na lile la usiku. Mahali pake weka mchaichai, utapata joto na harufu bila kafeini. Kama unategemea kufunga, anza wiki moja au mbili kabla. Na usitibu kichwa cha kukosa kahawa kwa vidonge vyenye kafeini, utakuwa umerudi palepale kwa kupitia mlango wa duka la dawa.

Ila kichwa kikiuma pamoja na homa, au maumivu yakaendelea baada ya siku hizo 9, usiseme "ni kahawa tu". Nenda kituo cha afya ukapime malaria.